Godoro la Tatu

Siku niliyomwona Celine Nabwire mara ya kwanza, alikuwa amebeba kichwa cha cherehani kiunoni, amekifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mvua ya Aprili ilikuwa imeacha matope barabara yote ya mtaa wetu wa Lucky Summer, na sisi kwenye karakana ya Kiarie tulikuwa tumetoa makochi nje, mbao tupu, ili yapate jua. Alipita katikati ya makochi yale bila kugusa hata moja, akasimama mbele yangu, akauliza kama tunahitaji mtu wa kushona vitambaa vya viti.

Sikumjibu. Nilikuwa na misumari mdomoni. Fundi wa makochi wa zamani hufanya kazi hivyo: anajaza misumari midogo mdomoni, anaisukuma nje kwa ulimi mmoja mmoja, mkono wa kushoto unavuta kitambaa na wa kulia unagonga. Siku hizi wengi wanatumia mashine ya pini. Mimi nimebaki na misumari, na ukweli ni kwamba inanifaa kwa sababu nyingine. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi maswali mengi.

"Zedi, unaongeleshwa," Kiarie alisema kutoka ndani. Karakana ni yake. "Ama umeimeza?"

Watu wakacheka. Yule mwanamke hakucheka. Alitua kichwa cha cherehani juu ya meza, akatazama kiti nilichokuwa nikifunika, akanyoosha kidole.

"Hapo kitambaa kimepinda," akasema. "Ukiendelea hivyo, hayo maua yote yatalala upande."

Nikatazama. Yalikuwa yameanza kulala. Niling'oa misumari sita mbele yake, na mchana wa siku hiyo hiyo Kiarie akampa kazi.

Nataka kueleza mtu huyu ni nani, maana nimeishi naye miaka kumi na miwili na bado ananishangaza. Celine anakata kitambaa cha maua bila kuchora, na maua yanakutana kwenye mshono. Anakunywa chai ya rangi bila sukari. Mteja akija na maneno makali, Celine humwacha amalize, kisha humuuliza, "Umemaliza? Sasa keti hapo tuanze upya." Na mteja huketi. Nyumbani kwao ni Funyula, karibu na ziwa, na alijifunza kushona kwa mtawa mmoja aliyekuwa akiwapiga rula kwenye vidole kila mshono ukienda kombo.

Kuna siku kila mwezi alikuwa akishona wima. Cherehani yetu ni ya miguu, hata hivyo alisimama, mguu mmoja kwenye pedali, mwili umeinama mbele kama mtu anayechungulia kisimani.

"Leo Celine ni askari," Kiarie angesema. "Anashona akiwa kwenye gwaride."

"Na wewe uliyeketi, umeshona ngapi?"

Sote tulicheka. Tulidhani ni nyonga. Mwenyewe ndivyo alivyosema.

Nilimpenda mwaka mzima bila kusema. Mwishowe Kiarie ndiye aliyeniongelea, nami nimesimama nyuma yake na nyundo mkononi. Celine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama juu ya bega la Kiarie. "Mwambie huyo aliyekutuma kwamba nimekubali. Lakini kanisani atajibu mwenyewe."

Kanisani nilijibu mwenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo linanipa aibu kuliandika, lakini yeye mwenyewe amesema niandike. Siku moja kabla ya harusi, shangazi yake alimketisha nyuma ya jiko, kama wanavyofanya kwao, akamfundisha mambo ya ndoa. Alimwambia mengi ya kupika na kuheshimu wakwe. La kitandani lilikuwa moja tu: mume hakataliwi. Ukiwa umechoka, usimkatae. Ukiwa na hasira, usimkatae. Mimi sikujua alifundishwa hivyo. Nilijua tu kwamba mke wangu hakuwahi kunikataa hata siku moja, na kwamba alikuwa kimya. Mimi pia ni mtu wa kimya. Nikadhani tumefanana.

Miezi minane baada ya harusi nilimwona, baada ya tendo, amelala ubavu, magoti yamefika kifuani.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Naumia kidogo."

"Mgongo?"

"Eh," akasema. "Mgongo."

Neno lile nilimpa mimi. Yeye alilipokea tu, na sote wawili tukapumua, kwa sababu mgongo ni kitu kinachozungumzika. Tena mgongo ni kitu cha fundi. Kesho yake nikaanza kumtengenezea godoro.

La kwanza lilikuwa la sponji ngumu, la mtu wa mgongo hasa. Alilishukuru sana. Nililiacha mwaka na nusu, nikaona bado analala amejikunja, nikasema labda ni gumu mno, nikatengeneza la pili, laini. Wakati nikitoa lile la kwanza niliona kwenye pembe ya juu, upande wake, karibu na mto, ule mkanda ulioshonwa ukingoni umetafunwa. Kitambaa kimeisha kabisa, nyuzi zinaning'inia.

"Panya," nikamwambia.

Celine alitazama ile pembe. "Labda," akasema.

Nikanunua mtego, nikaweka omena kama chambo. Wiki tatu mtego haukunasa kitu. Nikaleta paka. Paka yule alikaa kwetu miaka mingi, akanenepa, akazeeka, na hakushika panya hata mmoja. Na mkanda wa godoro la pili nao ukatafunwa, pembe ile ile.

Mwaka wa nane nikaamua kutengeneza godoro la mwisho, godoro ambalo mtu hawezi kulalamika juu yake. Nilitumia Jumamosi saba. Chini niliweka makumbi ya nazi, juu yake sponji ngumu, kisha pamba niliyoichambua kwa mikono, kisha sponji laini. Nililipitishia sindano ndefu toka juu hadi chini, nikafunga vifungo sabini na viwili, kila kimoja kwa mafundo mawili. Na ukingoni, kuzunguka godoro lote, nikashona mkanda wa ngozi, ili panya asipate pa kung'ata.

Kiarie alilala juu yake palepale karakanani na viatu vyake. "Zedi," akasema akitazama mabati, "kama hapa bado mtu anaumia mgongo, basi mgongo si wake."

Tulilibeba wanne mpaka nyumbani. Celine alilitandika, akaketi, akapitisha mkono kwenye vifungo, kisha ukingoni. Mkono ukasimama kwenye ngozi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya panya. Sasa hataweza."

Akaanza kulia. Alilia akishika ile ngozi kwa mikono miwili. Nikafurahi sana. Nilitoka nje nikasimama mlangoni kama mtu aliyepokea tuzo.

Wiki hiyo hiyo dada yangu mkubwa, Benta, alikuja kututembelea kutoka nyumbani. Benta hana nia mbaya, lakini mdomo wake unatangulia mbele yake. Hatukuwa na mtoto, na hilo ndilo lililomleta. Alikunywa chai, akatazama kitanda kupitia pazia, akapiga makofi mara moja.

"Magodoro matatu," akasema, "na mtoto hata mmoja hakuna! Ndugu yangu, wewe unatengeneza kitanda cha nini? Cha maonyesho?" Kisha akamgeukia Celine. "Wifi, usikasirike. Mimi nasema tu. Wapo wasichana nyumbani ambao hata mkeka unawatosha."

Nilipaswa kusema kitu. Niliangalia kikombe. Celine alimwongezea chai.

Kesho yake mchana nilirudi nyumbani kuchukua mkasi niliousahau. Nilikuwa nimetoka kazini hivi hivi, misumari bado mdomoni, kwa mazoea. Nikamkuta Celine amepiga magoti. Alikuwa amefungua skrubu za cherehani ya pale nyumbani, ametoa kichwa, na alikuwa akikifunga kwa leso. Leso ile ile ya siku ya kwanza. Nguo zake zilikuwa ndani ya begi.

Nikasimama.

"Toa hiyo misumari, Zedi," akasema.

Niliitema mkononi.

"Oa mtu ambaye haumii. Dada yako amesema kweli bila kujua. Si mgongo. Haijawahi kuwa mgongo."

"Ni nini?"

"Ni ndani. Tukilala pamoja, ni ndani kabisa, kama sindano ya godoro inayopita mpaka upande wa pili. Kila mara. Tangu siku ya kwanza ya ndoa. Na ikishapita haiishi, inakaa mpaka kesho yake, mpaka kwenda choo ni kazi. Siku za damu zikikaribia ndiyo mbaya kabisa." Sauti yake haikutetemeka. Alisema kama anavyosoma vipimo. "Nimejaribu kuomba. Nimejaribu kunywa maji ya moto kabla. Nimejaribu kufikiria mambo mengine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatengeneza godoro."

Hakukuwa na masihara katika jibu hilo. Alinitazama, akaona kwamba bado sijafika mwisho wa jambo lenyewe, akanisaidia.

"Zedi. Hakukuwa na panya."

Nililitazama lile godoro, ule ukingo wa ngozi niliousifu. Niliketi sakafuni. Miaka minane mke wangu alikuwa akiuma ukingo wa kitanda ili nisisikie, na mimi nikaweka mtego. Nikaleta paka. Kisha nikashona ngozi, ili asipate hata hicho cha kuuma.

Alinionea huruma, yeye kunionea mimi, akataka kunishika bega. Nikasogea kando, sikustahili.

"Usinikimbie," akasema. "Nimesema ili ujue. Sikusema uogope."

Mimi si mtu wa maneno. Siku ile nilisema maneno mengi kuliko siku ya harusi. "Kaa. Mambo ya kitandani tuyaache. Hata kama ni milele. Rudisha kichwa cha cherehani, kaa."

"Utaweza?"

"Sijui. Lakini kaa."

Alifikiri huku akishika leso. Kisha akaniambia nimpe bisibisi, akazirudisha skrubu yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mimi nikashika meza isicheze.

Tulikaa hivyo miezi mitano, tukilala godoro moja kama ndugu. Nilimsikia akikoroma kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijui kwamba anakoroma. Kumbe miaka yote ile hakuwahi kulala vya kutosha.

Kisha tukapata kazi Donholm, seti ya viti saba ya mama mmoja anayeitwa Lela, mtu wa asili ya Mombasa. Tulikwenda wote wawili kuvalisha vitambaa nyumbani kwake. Ilikuwa siku mbaya ya mwezi. Celine alifanya kazi ameinama, na alipofika kiti cha nne akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye sponji, akatulia. Mama Lela alikuwa ameshika trei ya kahawa. Aliiweka chini.

"Mwanangu, hiyo yako ni hedhi?"

"Ndiyo, mama. Itapita."

"Na mume akikukaribia?"

Mimi nilichukua misumari haraka nikaitia mdomoni. Nilijua Celine atasema ni nyonga. Mbele ya mteja, mbele yangu, angesema nini kingine? Lakini aliinua uso, akasema, "Nayo inauma, mama. Inauma hata zaidi."

Hivyo tu. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi na jinsi ilivyokuwa ngumu. Mimi nisingeweza kuisema sentensi ile hata kwa padri.

Mama Lela hakushtuka. Alisema binti yake, Hikma, aliteseka hivyo tangu shule, wakamzungusha kwa mashehe na kwa maduka ya dawa, mpaka daktari mmoja akautaja ugonjwa kwa jina. Endometriosis. Alituandikia kwenye karatasi siku na mlango wa kliniki.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilitaka kungoja nje. Celine alisema, "Huyu akae. Ametengeneza magodoro matatu." Daktari hakuelewa, lakini alinivutia kiti.

Aliuliza maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Kumi ni fupi, daktari," Celine alisema. Akatoa utepe wake wa kupimia mkobani, akaukunjua mezani. "Mimi ni fundi. Siku za damu, ni hapa." Kidole kwenye inchi ya arobaini. "Kulala na mume wangu, hapa." Hamsini na mbili. "Na kesho yake asubuhi chooni, hapa."

Daktari alitazama utepe, akaandika, akatazama tena. "Umekuwa hivi kwa muda gani?"

"Damu, tangu darasa la saba. Kitandani, tangu niolewe."

"Na hukuwahi kwenda hospitali?"

"Nilikwenda. Wa kwanza alisema nikizaa itaisha. Wa pili akasema ni vidonda vya tumbo. Mwingine alinipa dawa ya minyoo." Akafikiri. "Minyoo ilitoka."

Daktari alicheka, akafuta macho. Kisha alimpima, na baadaye akatueleza. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi imeota mahali pasipo pake, nyuma ya tumbo hilo. Kila mwezi nayo inavimba na kutoa damu, lakini haina njia ya kuitoa. Inaacha makovu, na makovu yanagandisha viungo pamoja. Mume akifika pale ni kama kidonda kinasukumwa. Si uchawi, akasema, si laana, na si kukosa kumpenda mume.

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Gundi imemwagika ndani ya kochi, imeshika kitambaa na mbao na sponji pamoja, na kila anayeketi anavuta vyote. Nimewahi kufungua makochi ya namna hiyo. Na kochi halihisi. Nilimtazama Celine akikunja utepe wake. Karakanani husifiwa mimi, kwa sababu nainua kochi la watu watatu peke yangu. Huyu alikuwa amebeba kitu hicho tangu utoto, akashona nacho, akacheka nacho, akakosoa maua yangu nacho, na jioni akaniuliza kama nimekula.

Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Siku yake ilipofika nilikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka alasiri. Daktari alitoka akasema walipasua matundu madogo, wakakuta mengi yameshikana, wakatoa walichoweza. Hakuahidi kwamba ugonjwa hautarudi. Hakuahidi mtoto pia. Celine alipofungua macho aliniuliza kwa sauti ya karatasi, "Viti vya Mama Lela, vile viwili alivyoagiza tena, umevalisha?"

"Bado."

"Usiguse. Utapinda maua."

Baada ya hapo kulikuwa na vidonge, na mama mwingine pale hospitalini aliyemfundisha kupumua na kulegeza misuli ya chini, kwa sababu mwili uliozoea kuumia hujikaza hata kabla ya kuguswa. Hakuna aliyeniambia lini. Nilingoja. Jumapili moja mchana, zaidi ya mwaka tangu siku ya leso, yeye ndiye aliyenishika mkono. Tulikubaliana kwamba akisema basi, naacha, hapo hapo. Tulifika mahali akasema, "Basi." Nikaacha.

Alinitazama kwa muda, kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe," akasema. "Kumbe mtu akisema basi, inakuwa basi."

Kuna siku nzuri sasa, nyingi. Kuna mbaya pia. Kila ninapobadilisha shuka naangalia pembe ile ya godoro la tatu, ngozi. Ina alama mbili za meno. Zote ni za usiku wa siku za damu, na mara zote mbili aliniamsha.

Benta alikuja tena mwaka jana. Kabla hajamaliza chai, Celine alimweleza yote, kwa utaratibu, kitanda na choo na upasuaji, kama anavyomweleza mteja bei ya kitambaa. Nilitafuta misumari mfukoni, haikuwepo. Benta alishika kikombe bila kunywa. Alipokuwa akiondoka alimvuta Celine pembeni, nikamsikia akiuliza kliniki hiyo hufunguliwa siku gani. "Namuulizia rafiki yangu," akasema.

Leo ni Jumapili. Mama Lela na wenzake wa chama cha akina mama huko Donholm wamemwita Celine akaongee na wasichana wao. Alikuwa akijifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo, amevaa gauni lake la kijani, na mimi nilikuja nyuma yake nikaweka mkono kiunoni mwake, pale alipobeba cherehani siku ya kwanza. Alijua nilichotaka. Alinitazama kupitia kioo, macho yanacheka, na uso wake haukuwa na kitu chochote kilichofichwa.

"Leo sitaki, Zedi," akasema. "Wala si uchungu. Sitaki tu."